Mkato au Nukta? Jinsi ya Kusoma Namba Zenye Desimali Kwenye Lebo, Ripoti na Simu

 

Leo hatuzungumzii mbegu wala viwavijeshi. Tunazungumzia kitu kidogo kuliko punje ya ulezi: ile alama inayokaa katikati ya namba. Mkato au nukta. Unaweza kusema, "Afisa, hilo si la watoto wa shule?" Subiri kidogo. Alama hiyo ikisomwa vibaya, dawa ya lita moja na nusu inakuwa lita kumi na tano, na ekari za kikundi zinapotea kwenye hesabu bila mtu kuziona.

Sisi wa huku juu tuko mpakani, kwa hiyo jambo hili linatuhusu kuliko wenzetu wa Dodoma au Morogoro. Twende taratibu.

Kwa nini namba moja inaandikwa kwa njia mbili

Shule zetu za Tanzania zinafundisha kwamba nukta inatenga sehemu ya desimali, na mkato unatenga maelfu. Mbili na nusu ni "2.5". Elfu moja mia mbili hamsini ni "1,250". Kenya na Uganda ni hivyo hivyo, maana sote tulirithi mtindo wa Waingereza.

Ng'ambo ya mpaka mambo yamegeuzwa. Burundi na Kongo zilitawaliwa na Wabelgiji, na shule zao zilifuata mtindo wa Kifaransa. Huko mkato ndio wa desimali: mbili na nusu inaandikwa "2,5", na mtu anaisoma "deux virgule cinq". Maelfu yanatengwa kwa nafasi tupu, "1 250", au kwa nukta, "1.250". Msumbiji nako, kwa sababu ya Kireno, mkato ndio wa desimali.

Hakuna aliyekosea hapo. Mkutano Mkuu wa Kimataifa wa Vipimo na Mizani ulikaa mwaka 2003 ukaamua kwamba alama ya desimali inaweza kuwa nukta au mkato, zote mbili halali. Ukasisitiza pia kwamba maelfu yatengwe kwa nafasi tupu tu, pasiwekwe mkato wala nukta. Ushauri huo wa pili ungetuondolea taabu yote hii, lakini madukani na maofisini watu wanaendelea na mazoea yao.

Sasa angalia tunavyoishi. Soko la mpakani pale Mabamba, Kibondo, lina watu wa pande zote mbili. Nyarugusu kule Kasulu na Nduta kule Kibondo wamekaa ndugu wengi waliosoma Burundi na Kongo. Mizigo inapita, simu zinapita, makaratasi yanapita. Namba za mitindo miwili zinakutana kwenye meza moja, na hazijitambulishi.

Katika somo hili mimi naandika kwa mtindo wetu: nukta ni desimali. Namba niliyoiweka ndani ya alama za kunukuu nimeiandika jinsi unavyoweza kuikuta kwenye karatasi.

Kosa la mara kumi

Tuchukue mfano wa hesabu. Huu ni mfano tu, si kipimo cha dawa yoyote.

Lebo ya Kifaransa inasema "1,5 l/ha". Maana yake ni lita moja na nusu kwa hekta. Hekta moja ni ekari 2.47, kwa hiyo ekari moja inahitaji kama lita 0.6, yaani mililita 600. Kama kwenye ekari yako unapiga mabomba kumi ya lita 20, kila bomba linapata mililita 60.

Mtu mwingine akiisoma lebo hiyo haraka, mkato asiuone vizuri kwa sababu karatasi imechakaa, anasoma "15". Sasa ekari moja inataka lita 6, na kila bomba mililita 600. Mara kumi!

Maharage yako yataungua. Anayepulizia atavuta sumu nyingi. Zile siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo hazitakulinda tena, kwa sababu zilipimwa kwa kipimo sahihi. Na hela uliyonunulia dawa ya kutosha ekari kumi imeishia kwenye ekari moja.

Upande wa pili nao upo. Lebo yetu inaandika "ml 1,500 kwa hekta". Mtu aliyezoea mtindo wa Kifaransa anaweza kusoma mililita moja na nusu. Hapo wadudu hawafi. Kupulizia dawa hafifu mara kwa mara kunawabakiza wale wadudu sugu, wanazaana, na msimu ujao dawa hiyo haina kazi.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi ukanunue dawa ng'ambo. Kiuatilifu kisichosajiliwa na TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, hakiruhusiwi kuuzwa hapa nchini. Ukikutana na chupa yenye lebo ya Kifaransa pekee, iulizie kwanza kwa afisa ugani wako kabla ya kuifungua. Hata ukijua kusoma mkato wake vizuri, bado haijawa dawa halali.

Kompyuta na simu zinafanya nini zikikutana na "2,5"

Binadamu akiona "ekari 2,5" anaelewa, maana anajua mashamba ya jirani yake. Mashine haijui shamba la mtu. Inafuata mipangilio ya lugha na eneo iliyowekwa ndani yake. Ikiwa imepangwa kwa mtindo wetu halafu ikapewa "2,5", inaweza kufanya moja kati ya mambo matatu, kutegemea programu:

1. Inakataa kuwa hiyo ni namba. Inaihifadhi kama maandishi tu, kama vile umeandika jina la mtu.
2. Inasoma mpaka inapokutana na mkato, inaishia hapo. Inapata 2.
3. Inauruka mkato kana kwamba ni wa maelfu. Inapata 25.

Namba moja, majibu matatu, na mara nyingi bila onyo lolote.

Kuna kikundi kimoja kiliniletea orodha ya mashamba ya wanachama ili tukadirie mbolea ya kupandia. Katibu wao alikuwa ameiandaa kwenye simu iliyopangwa kwa Kifaransa. Ekari zilikuwa hivi: "2,5", "1,75", "3", "0,5" na "4". Nilipoifungua kwenye kompyuta na kujumlisha, jibu likaja 7.

Jumlisha mwenyewe kwa kalamu. Utapata 11.75. Kompyuta ilikuwa imejumlisha 3 na 4 tu, kwa sababu zile tatu zenye mkato ilizichukua kama maandishi ikaziruka. Kwa mfuko mmoja kila ekari, kikundi kingeagiza mifuko 7 badala ya 12. Waliokosa wangeanza kutazamana, "nani kala mbolea yetu?" Wala hakuna aliyekula. Tulikaa na katibu, tukarekebisha orodha, kisha ndiyo ikaenda.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: hata simu iliyowekwa kwa Kiswahili inaweza kutumia mkato. Kwenye simu nyingi ukichagua Kiswahili unaulizwa nchi: Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo. Kiswahili cha Tanzania kinakuja na nukta ya desimali. Kiswahili cha Kongo kinakuja na mkato. Kwa hiyo usiseme "simu yangu iko kwa Kiswahili, haina shida." Angalia na nchi.

Jaribio la haraka hili hapa. Fungua kikokotoo cha simu, gawanya 5 kwa 2. Ikionyesha "2.5" iko kwa mtindo wetu, ikionyesha "2,5" iko kwa ule mwingine. Kwenye Excel andika =5/2 halafu bonyeza Enter. Jibu litakuambia mashine iko upande gani.

Kanuni tano za kuitambua alama

Ukipewa namba na hujui imeandikwa kwa mtindo gani, pita kwenye kanuni hizi kwa mpangilio:

1. Alama zote mbili zipo. Ya mwisho ndiyo ya desimali. "1,250.75" na "1.250,75" ni namba moja: elfu moja mia mbili hamsini nukta saba tano.

2. Alama moja imejirudia. Hiyo ni ya maelfu. "1,250,000" na "1.250.000" zote ni milioni moja na robo. Namba haiwezi kuwa na desimali mbili.

3. Alama ni moja, na nyuma yake tarakimu si tatu. Hiyo ni desimali. "2,5", "0,75", "12.50". Maelfu lazima yawe na tarakimu tatu nyuma ya alama.

4. Namba inaanza na sifuri, au mbele ya alama kuna tarakimu zaidi ya tatu. Ni desimali, hata kama nyuma zipo tatu. "0,125" ni desimali, kwa sababu hakuna anayeandika maelfu kwa kuanzia na sifuri. "1250,500" nayo ni desimali, kwa sababu angekuwa anatenga maelfu angeshaitenga ile 1 ya mbele.

5. Alama ni moja, nyuma yake tarakimu tatu kamili, na mbele tarakimu moja mpaka tatu zisizoanza na sifuri. Mfano "1,250" au "7.125". Hapa simama. Kwa kuangalia tu huwezi kujua.

Kanuni ya tano ndiyo moyo wa somo la leo. Wengi wakifika hapo wanabahatisha, na programu nyingi nazo zinaamua zenyewe kwa kufuata mipangilio yao. "1,250" kwenye kompyuta yetu ni elfu moja na ushee. Kwenye kompyuta ya Bujumbura ni moja na robo. Zote mbili zitaipokea kama namba halali, na hakuna itakayolalamika. Tofauti yake ni mara elfu.

Ukikwama hapo fanya mambo matatu. Kwanza, angalia namba nyingine kwenye karatasi hiyo hiyo. Ukiona "0,4" au "18,25" mahali popote, basi mwandishi anatumia mkato kama desimali, na "1,250" yake ni moja na robo. Pili, pima kwa akili ya shambani. Ripoti ya udongo ikionyesha pH "54", ujue alama imepotea, kwa sababu pH ya udongo hata kwenye ardhi zetu zenye tindikali haitoki nje ya kipimo cha 0 mpaka 14. Hiyo ni 5.4. Ikionyesha fosforasi "7,125" mg kwa kilo, elfu saba ni ajabu kwa udongo wa shamba, saba ni kawaida. Tatu, muulize aliyeandika. Simu moja tu.

Lakini angalia, akili ya shambani nayo ina mwisho wake. "Kilo 1,250 za kahawa" inaweza kuwa mzigo wa chama cha ushirika, na inaweza kuwa sampuli iliyopelekwa kuonjwa. Zote zinawezekana. Kama hujui, uliza. Usikisie.

Na si kila nukta ni desimali. Mbolea iliyoandikwa "NPK 17.17.17" inakutajia asilimia ya vitu vitatu: naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Tarehe "12.3" nayo si kumi na mbili nukta tatu. Soma kwanza namba inahusu nini.

Kusafisha orodha kwenye kompyuta

Hii ni kwa makatibu wa vikundi, vijana wa AMCOS na maafisa wenzangu.

Kwanza, hifadhi faili la asili bila kuligusa. Fanya kazi kwenye nakala.

Pili, hesabu. Kwenye Excel, COUNT inahesabu visanduku vyenye namba peke yake, na COUNTA inahesabu visanduku vyote vilivyojazwa. Kwa orodha ya kile kikundi, COUNT ingetoa 2 na COUNTA ingetoa 5. Tofauti ya 3 inakuambia kuna watu watatu ambao mashine haiwaoni. Dalili nyingine: maandishi yanalala kushoto mwa kisanduku, namba zinalala kulia, kama hakuna aliyebadilisha mpangilio.

Tatu, iambie mashine waziwazi alama zipi zimetumika, usiiachie iamue. Kuanzia Excel ya 2013 kuna fomula ya NUMBERVALUE. Kama namba iko kisanduku A2 na imeandikwa kwa mkato wa desimali na nukta ya maelfu, andika:

=NUMBERVALUE(A2,",",".")

Yaani: chukua kilichoandikwa A2, mkato ni desimali, nukta ni maelfu. Fomula hii haijali kompyuta imepangwa kwa nchi gani; inafuata ulichoiambia. Kwenye kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Kifaransa utatumia nukta-mkato kutenganisha vipande vya fomula: =NUMBERVALUE(A2;",";".").

Ila itumie kwa vile vilivyobaki kuwa maandishi. Kama kompyuta ilishaigeuza "1,250" kuwa 1250 wakati wa kufungua faili, mkato haupo tena na fomula haina cha kurekebisha. Ndiyo maana ukiingiza data ni vizuri kuchagua safu iingie kama maandishi kwanza, halafu uigeuze mwenyewe.

Nne, ukiamua kubadilisha kwa kutafuta na kubadili, fuata mpangilio. Ondoa alama ya maelfu kwanza, ndipo ubadilishe ya desimali. "1.250,75" ukiondoa nukta inakuwa "1250,75", kisha mkato ukiwa nukta inakuwa 1250.75. Ukianza na mkato utapata "1.250.75", na hapo umeharibu.

Tano, ile nafasi tupu ndani ya "1 250" mara nyingi si nafasi ya kawaida ya kibodi. Kompyuta zinazofuata Kifaransa huweka nafasi maalumu isiyokatika. Ukitafuta kwa kubonyeza kitufe cha nafasi hutaipata. Ikopi kutoka ndani ya namba yenyewe, ibandike kwenye kisanduku cha kutafutia.

Sita, kuwa mwangalifu na faili za CSV, zile zinazotenganisha safu kwa mkato. "2,5" ikiingia humo bila alama za kunukuu inakatwa vipande viwili, 2 safu moja na 5 safu inayofuata, na kila kitu kilicho kulia kinasogea. Utakuta ekari zimekaa mahali pa namba ya simu.

Andika hivi, usikosewe

Wewe pia unaandikia wengine. Fanya hivi:

- Usitenge maelfu kabisa pasipo lazima. Andika "kilo 1250". Haina alama, haina ubishi.
- Chini ya moja, anza na sifuri: "0.5", usiandike ".5". Nukta peke yake inafutika kwa jasho la mkono.
- Tumia kipimo kidogo ili desimali isihitajike. "Mililita 60" ni salama kuliko "lita 0.06".
- Kwa dawa na hela, ongeza maneno: "lita 1.5 (moja na nusu)".
- Juu ya orodha ya kikundi andika mstari mmoja: "Nukta ni desimali, maelfu hayajatengwa." Anayeipokea hatahangaika.

Zoezi la nyumbani

Jaribu mwenyewe kabla ya kuangalia majibu.

a) "0,75 l/ha"
b) "12.500,50"
c) "1 250,5"
d) "NPK 17.17.17"
e) "Maharage kg 3,400", kwenye daftari la kikundi cha wanachama 40

Majibu: (a) Desimali, robo tatu ya lita. (b) Elfu kumi na mbili mia tano nukta tano sifuri. (c) Elfu moja mia mbili hamsini nukta tano. (d) Si desimali. (e) Kanuni ya tano, simama. Kwa watu 40, kilo elfu tatu mia nne ndiyo inayoelekea kuwa kweli, ni kama gunia 34 za kilo mia. Lakini gunia zipo ghalani. Kazihesabu, ndipo utie sahihi.

Msimu huu kabla ya kupima dawa au kutuma orodha ya pembejeo, mpe mtu wa pili aisome namba kwa sauti. Akisema "moja nukta tano" na wewe ulisoma "kumi na tano", bomba lisijazwe kwanza mpaka mmeelewana.